Kenya Bado Haijajua Kuwa Tumekosana

Mshauri wangu Akiteng, naomba msaada, na sijui kama msaada wenyewe upo duniani, kwa sababu ninachotaka ni kuizuia ile injini ya kutafutia, ile unayoiandikia neno kwenye simu ikakuletea majibu, isirudi kuutazama ukurasa wetu mpaka harusi moja ya Nabuyoga ipite. Najua utacheka. Mimi mwenyewe nikiyasoma maneno haya nacheka, halafu machozi yanafuata.

Naitwa Rukiyah, ni mpishi wa harusi, nakaa Sofia hapa Busia upande wa Uganda, na majina usihangaike kuyaficha kwa sababu Busia hii hata ukituita A na B watu watatujua. Kwa miaka mingi nimefanya kazi na Norah, Mkenya, anayevuka asubuhi na vitambaa vyake vya mapambo, mimi napika, yeye anapamba, na harusi ikiisha tulikuwa tunakaa wawili nyuma ya hema, tumevua viatu, tunakwangua ukoko wa pilau kwa mikono, hatusemi kitu, na katika maisha yangu sijapata mazungumzo matamu kuliko yale. Mdogo wake Norah anaitwa Jeff, ana duka la kutengeneza simu huko kwao, ndiye aliyetufungulia ukurasa kwenye mtandao, akaweka picha yetu, na juu yake akaandika maneno aliyoyatunga Norah mwenyewe: Rukiyah anapika, Norah anapamba, tunavuka mpaka kwa ajili yako. Baada ya hapo namba yangu, kwa kuwa Norah hapendi kupokea simu za watu asiowajua.

Halafu mume wangu Twaibu akafariki. Norah alifika kabla hata ya ndugu zangu wa damu, akaosha masufuria, akalala mkekani pamoja nasi. Nikaingia eda, na kabla eda haijaisha mama yake Norah naye akafariki huko kwao Funyula, na mimi sikwenda, nilikaa ndani kama mama zangu walivyokaa, nikamtuma shemeji yangu Hudhaifa na gunia la mchele na salamu za rambirambi. Kumbe kwa watu wa Norah rafiki hatumi mchele. Rafiki anakuja mwenyewe, analala matangani, analia mpaka jirani wanamsikia. Norah akampa Jeff maneno aniletee: "Mwambie Rukiyah, mume akikataza mtu kutoka, hiyo naelewa. Mtu amekufa anakukataza aje?"

Sikujibu, mshauri. Maneno yale yalinichoma, na pia nilidhani mambo ya eda anayajua, maana huyu ni mtu aliyefuturu nasi kila Ramadhani, anajua hata nikichinja kuku naelekea wapi. Nikanyamaza, naye akanyamaza, eda ikaisha, na siku moja Jeff akaja mwenyewe mpaka mlangoni kwangu, haya imemjaa, akaniambia dada yake amemwagiza aliondoe jina langu na namba yangu kwenye ukurasa, na tayari ameshaondoa.

Alipoondoka nilichukua simu yangu nikatafuta, na ajabu, tulikuwa bado tupo. Pale kwenye majibu, chini ya jina la biashara, Rukiyah anapika, Norah anapamba. Nikampigia Jeff. Akasema, "Mathe, hiyo haiko kwa mikono yangu. Mimi nimebadilisha ukurasa, lakini hizo injini ziko na roboti zao, hupita zikichukua kopi. Kopi yenye wako nayo ni ya kitambo. Roboti ikipita tena itajua."

Basi tangu siku ile nikawa naiwaza hiyo roboti. Naiwaza mchana, jua likiwa kali na vitunguu vinakaangika polepole na moshi hauna haraka ya kutoka, naiona inakuja kwa miguu kutoka Malaba, ndefu, mpole, na mfuko wa turubai begani, inapita Mella kwenye mashamba, inaingia nyumba baada ya nyumba, inatazama kilichobandikwa ukutani, inanakili, inaaga. Naiombea ichelewe. Naiombea ikifika Tororo ikae kwenye kivuli cha lile jiwe kubwa lililosimama juu ya mji, ipitiwe na usingizi, maana ninajua ikifika kwa Norah itakuta nusu ya ukuta haina kitu. Wakati mwingine nasinzia kwenye kiti changu cha jikoni na ndani ya usingizi naikaribisha chai ili isiendelee na safari.

Katika siku hizo za kungoja ndipo simu ikapigwa. Msichana, sauti ndogo. "Mama, mimi naitwa Benedeta, natoka Nabuyoga. Mimi naona nyinyi hapa kwa simu, sikufungua hata, bando ilikuwa nakwisha, nasoma tu pale juu, na namba yako. Rukiyah anapika, Norah anapamba. Nyinyi bado iko pamoja?" Akanieleza kwamba anaolewa na Jamilu, kijana Mwislamu wa Tororo mjini, na yeye kwao ni Wakristo, na mama yake halali kwa hofu. "Mama yangu nasema watu ya Jamilu hawatakula na sisi, watakaa upande moja na sisi upande moja. Lakini kama yeye naona nyinyi wawili nakuja na gari moja, Mwislamu na Mkristo, yeye atajua hii kitu inawezekana. Nyinyi bado iko pamoja, mama?"

Nikasema ndiyo. Mshauri, neno lilitoka kabla sijalifikiria, na lilipotoka lilinipendeza, nikalirudia. Nikasema tupo pamoja, tutakuja kwa gari moja. Akashukuru mpaka nikaona aibu, akasema Jumapili ijayo atakwenda kwao amwonyeshe mama yake kwenye simu.

Na sasa sikiliza balaa. Juzijuzi nimetafuta tena na roboti imeshapita. Chini ya jina la biashara pamebaki hivi tu: Norah anapamba, tunavuka mpaka kwa ajili yako. Mimi sipo. Nilizima simu, sikuufungua ukurasa wenyewe, sijaufungua hata leo kwa sababu sina moyo wa kuona pengo langu lilivyo. Lakini nikakumbuka simu yangu ndogo ya zamani, ile yenye laini ya Kenya, nikavuka nayo, nikakaa kwenye benchi la muuza chai mbele ya foleni ya malori, nikaifungua, na lo, ukurasa wote upo. Picha yetu ipo, mimi na mwiko, mvuke umenifunika nusu ya uso, Norah kitambaa cha mapambo kimemnasa kwenye nywele na anacheka na mtu ambaye hayumo kwenye picha. Na mtu huyo ni Twaibu, alikuwa amesimama pembeni anatutania. Basi nimeelewa kwamba habari imefika Uganda, ila Kenya bado haijajua kuwa tumekosana. Simu yenyewe sijaiwekea hata bando, ukurasa unafunguka wenyewe. Kila siku sasa navuka kwenda kuuangalia. Chai yangu inapoa, malori yanasogea kidogo, yanasimama, na mimi nipo upande ambao sisi bado ni marafiki.

Aidah, mke wa Hudhaifa, amenipa wazo. Anasema Benedeta hamjui Norah kwa sura, kwa hiyo yeye atavaa rozari, atakuja nami kwenye gari, atafunga vitambaa na kukaa kimya, na hakuna atakayejua. Nimemwambia nitafikiri, na ninafikiri kweli, hapo ndipo nilipofika. Nisaidie. Je, kuna namna ya kuiomba injini iturudishe sisi wawili, au angalau hiyo ya Kenya isibadilike, nimpe Benedeta simu yangu ndogo amwonyeshe mama yake? Au nimchukue Aidah? Au nimwambie yule mtoto kwamba jambo analotaka kumwonyesha mama yake halipo tena? Hilo la mwisho ndilo silitaki kabisa.

Rukiyah, Sofia, Busia.

*

Rukiyah, pole kwa Twaibu. Pole pia kwa mama yake Norah, maana nimeisoma barua yako yote na naona hata wewe msiba huo hujapewa pole yake. Sasa vuta kiti nikugombeze.

Aidah aivue hiyo rozari leo hii. Si vazi la mapambo, watu wanasali nayo. Na huyo mama wa Nabuyoga unayetaka kumtuliza atakuja kumsogelea mwanamke wa mapambo, Mkristo mwenzake, ataanza kumuuliza parokia yake ni ipi, na Aidah atajibu nini? Msichana amekupigia akitaka kitu kimoja tu cha kweli katika harusi yenye maneno mengi, nawe unataka kumpelekea igizo. Ukifanya hivyo na ikajulikana, hofu yote ya mama yake itakuwa imepata ushahidi, tena siku ya harusi, mbele ya wakwe. Hapana.

Haya, tuje kwenye injini yako. Mimi hii kitu naijua kwa sababu imenitesa. Safu hii nayo huwekwa mtandaoni, na mwaka jana nilijibu barua ya mama mmoja wa Mella aliyegombana na mkwe wake, mimi nikakosea nikaandika wa Malaba. Tulisahihisha siku ile ile. Lakini wanawake wa Malaba waliendelea kunipigia simu kunishambulia, kila mmoja anasema mama huyo kwao hayupo, na mimi najibu kwamba nimeshasahihisha, na wao wanasema mbona sisi tunaona. Walikuwa wanaona kweli. Walikuwa wanaona nakala.

Injini haikai ikikodolea macho ukurasa wenu, Rukiyah. Inatuma programu zake, hizo Jeff anazoziita roboti, zinapita ukurasa mmoja hadi mwingine kwa kufuata viungo, zinachukua nakala, zinaipeleka kwenye hifadhi. Mtu akitafuta, maneno anayoyaona pale kwenye majibu yametoka kwenye hiyo nakala. Ukurasa wa habari unaobadilika kutwa hurudiwa mara kwa mara, ukurasa mtulivu kama wenu huweza kukaa muda mrefu bila kutembelewa. Mwenye ukurasa anaweza kuiomba injini ipite mapema, na akitaka anaweza kuikataza isipite kabisa. Ila hakuna mahali pa kuomba iendelee kuonyesha ya zamani kwa sababu ya zamani ilikuwa tamu. Wala mwenye ukurasa si wewe.

Na hiyo simu yako ndogo. Mama, nimesoma sehemu hiyo nikaiweka barua mezani. Umesema mwenyewe haina bando. Kama haina bando inaupata wapi ukurasa? Haijauliza Kenya, haijauliza mtu yeyote. Siku moja uliufungua, simu ikauhifadhi tumboni mwake, na tangu hapo ukiifungua inakutolea kile kile ilichonacho. Ungekaa jikoni kwako Sofia ukaifungua ungeuona vile vile. Habari za ugomvi wenu hazikusimamishwa mpakani. Norah amekaa Kenya na anajua, Jeff anajua, muuza chai anayekuona kila siku unalia juu ya simu bila shaka naye ameshajua. Wewe ndiye unayevuka mpaka umebeba nakala, unakaa karibu kabisa na mwenye nyumba, halafu unarudi bila kupiga hodi.

Sikucheki. Ile picha ningekuwa nayo na mimi ningeitazama, tena ukizingatia nani alikuwa amesimama pembeni. Itunze. Mwombe Jeff akuhamishie mahali salama, maana simu za zamani hufa ghafla. Lakini usiitumie kama barabara ya kwenda kwa Norah, kwa sababu haifiki.

Sasa ugomvi wenyewe. Mimi si mwalimu wa dini, kama ungeweza kutoka mchana na kurudi au la, hilo muulize shehe wako. Kosa ninaloliona mimi ni dogo zaidi na ndilo limeharibu yote. Alikuuliza swali. Kwa ukali, ndiyo, mtu aliyefiwa na mama yake huwa mkali, lakini lilikuwa swali: mtu aliyekufa anakukatazaje? Lilikuwa na jibu. Ungemweleza kwa maneno mawili matatu, angekasirika bado, halafu angeelewa. Ukajiambia anajua. Kufuturu pamoja hakumfundishi mtu eda, alikuwa anakula sambusa. Na wewe pia miaka yote hiyo hukujua kwamba kwao rafiki hulala matangani, ukatuma mchele, ukadhani umemaliza. Basi mko sawa, hakuna aliyemdharau mwenzake. Kila mmoja aliomboleza kama alivyolelewa.

Utafanya hivi. Kesho uvuke, mchana, na hiyo simu ndogo uiache nyumbani. Usipite kwa muuza chai, nenda moja kwa moja mpaka kwa Norah. Usibebe mchele, nakuomba. Vaa kama mtu anayekwenda msibani na ukifika ulie, mlilie mama yake kwa sauti kama wanavyolia wao, kuchelewa si neno, aliyefiwa hamfukuzi anayekuja kumlilia mama yake. Ukishatulia mweleze eda ni nini tangu mwanzo, kama unayemweleza mtu ambaye hajawahi kuisikia. Kuhusu harusi ya Nabuyoga usiseme kitu mpaka chai iletwe, asije akadhani machozi yako ni ya kutafuta kazi. Chai ikija, mwambie ukweli wote, pamoja na lile neno ndiyo lililokuponyoka, na mwache aamue yeye. Kama atakataa, jioni hiyo hiyo mpigie Benedeta umwambie mlikuwa wawili na sasa hampo, umpe na namba ya Norah, achague mwenyewe. Ataumia, lakini atakuwa ameumia kabla ya Jumapili, bado ana nafasi ya kutafuta njia nyingine ya kumtuliza mama yake.

Kuna jambo moja nimelibakisha makusudi mpaka umalize kunisikiliza. Uliniandikia kwamba ukurasa wenyewe, ule wa sasa, hujaufungua tangu Jeff alipoondoa jina lako. Umesoma ule mstari mmoja wa kwenye majibu ukazima simu. Mimi nimeufungua, leo asubuhi, kwa bando langu. Ule mstari uliouona ni nakala iliyochukuliwa siku Norah alipokuwa na hasira, na tangu siku hiyo ukurasa umebadilishwa tena, ila roboti yako haijarudi kuona. Jina lako halipo juu, ni kweli. Lakini ukishuka chini, kwenye mapishi, pameandikwa hivi, na nanakili neno kwa neno: "Mpishi wetu yuko msibani. Hatujachukua mwingine. Tunamsubiri."

Benedeta mwache kwanza mpaka utoke kwa Norah. Na kabla hujalala, iwekee ile simu ndogo bando, hata kama ni la siku moja, uufungue ukurasa upya, ujisomee mwenyewe.